Martin Bakole: mikono anayo, mkanda bado

Tangu Jumapili ile nimepokea ujumbe mwingi kuhusu Martin Bakole kuliko kuhusu bei ya mafuta ya kula. Jumamosi tarehe 19 Julai 2025, Oleksandr Usyk alimwangusha Daniel Dubois katika raundi ya tano pale Wembley, London, na mikanda yote minne ya uzito wa juu ikawa kiunoni mwa mtu mmoja. Kesho yake asubuhi simu zikaanza: na wetu je? Mmoja aliandika kutoka Oicha: « Weye wa radio, Martin atapata ule mukanda ao tuache kungojea? »

Ningeweza kujibu hewani kwa sentensi mbili. Lakini kuna mama mmoja ambaye familia moja ya hapa Beni imempokea pamoja na watoto wake tangu walipokimbia upande wa Lubero mwezi wa pili. Mama huyo alinifuata hadi ofisini. Mwanawe ana miaka 17. Ameacha kwenda shuleni, kila asubuhi anakimbia barabarani, kisha anapiga gunia la vitambaa alilolifunga kwenye mti wa avoka. Akiulizwa, anasema Martin naye alianza bila kitu. Mama hakuja kulalamika, alikuja na swali: « Huyu Martin, ni ukweli anafika? Na kama ni mwenye nguvu hivyo, juu ya nini alianguka vile? » Nitalijibu kwa urefu, na kijana asome mwenyewe.

Martin Ilunga Bakole ni mtoto wa Kananga, Kasai ya Kati. Wengi wetu tuliusikia mji huo kwa ubaya mwaka 2016 na 2017, vita ya Kamuina Nsapu ilipowatoa watu zaidi ya milioni moja majumbani mwao. Yeye wakati huo alikuwa ameshaondoka. Wahami wa huku wanapomwita « wetu » hawamaanishi lugha, maana watu wa Kananga ni wa Tshiluba. Wanamaanisha nchi.

Aliyemfungulia njia ni kaka yake, Ilunga Makabu, wengine wanamwita Junior. Makabu alikwenda Afrika Kusini, kwa sababu hapa kwetu bondia anapata sifa ya mtaa, lakini pambano la kulipwa lenye daktari, majaji na mkataba wa kusainiwa ni jambo la nadra. Pambano lake la kwanza kabisa la kulipwa, mwaka 2008, alipoteza. Wengine wangerudi nyumbani. Yeye hakushindwa tena kwa karibu miaka minane, hadi Mei 2016 alipopigania mkanda wa WBC wa uzito wa kruza na Tony Bellew, kwenye uwanja wa mpira wa Everton mjini Liverpool. Alimwangusha Bellew raundi ya kwanza, tukaruka. Raundi ya tatu akalala yeye. Akaanza upya kutoka chini: mwaka 2019 akaenda Urusi mara mbili, akawashinda Dmitry Kudryashov na Aleksei Papin kwao, mbele ya watu wao. Tarehe 31 Januari 2020, Kinshasa, akamshinda Michał Cieślak wa Poland kwa pointi na kuwa bingwa wa dunia.

Nimeanza na kaka kwa sababu. Kati ya nafasi yake ya kwanza ya mkanda na ya pili ilipita miaka karibu minne, na miaka hiyo hakuwa amekaa akingoja simu. Alikuwa anapigana.

Martin naye alianza kulipwa Afrika Kusini, mwaka 2014, kisha akahamia Scotland, mji mdogo wa Airdrie, chini ya kocha Billy Nelson. Ni mtu wa karibu mita mbili. Mikono yake inatoka haraka kuliko unavyotegemea kwa mwili ule, na ngumi yake ya kulia inayopanda kutoka chini ni ya kuogopwa na yeyote. Kupoteza mara ya kwanza kulikuja Oktoba 2018, London, mbele ya Michael Hunter wa Marekani. Hunter ni mdogo kwa mwili, alikuwa ametoka uzito wa kruza. Alizunguka, alivumilia, akamfanya Martin afanye kazi kila dakika, na katika raundi ya kumi mwamuzi akasimamisha. Siku ile ndiyo ilizaa maneno ambayo bado yanasemwa: kwamba Bakole ni mtu wa raundi tano, ukimvusha hapo amekwisha.

Mimi sikubali maneno hayo yote. Desemba 2020, Wembley, alikwenda raundi kumi na Sergey Kuzmin wa Urusi akashinda kwa pointi. Tarehe 14 Mei 2022 alifanya zaidi. Alikwenda Paris, Bercy, kupigana na Tony Yoka, bingwa wa Olimpiki ya Rio 2016, ambaye hakuwa amepoteza pambano lolote la kulipwa na ambaye baba yake ni Mkongomani. Watu wote walikuja kumtazama Yoka. Martin alimwangusha raundi ya kwanza, akamwangusha tena raundi ya tano, na zile tano za mwisho alikuwa bado anatembea mbele. Majaji wawili walimpa ushindi, wa tatu akaona sare. Nimelitazama tena pambano hilo kwa ajili ya makala hii, na sare ile bado siioni.

Kwa hiyo mapafu anayo, akiyatayarisha.

Baada ya Yoka, ungetegemea simu zipigwe. Hazikupigwa. Katika uzito wa juu, bondia mwenye jina anachagua mpinzani kwa hesabu ya dukani: nitapata nini, nitahatarisha nini? Ukipigana na Martin unahatarisha meno yako, na tiketi zinazonunuliwa kwa ajili yake ni chache, maana sisi tunaompenda tuko Beni, Kananga na Mbandaka, hatununui tiketi za London. Miaka miwili na zaidi, kutoka Yoka hadi Agosti 2024, alipanda ulingoni mara za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Bora kati ya hizo ilikuwa Oktoba 2023, Riyadh, usiku wa Tyson Fury na Francis Ngannou, alipomsimamisha Carlos Takam raundi ya nne. Bondia asiyepigana ni kama injini ya moto iliyolazwa uani. Unaifuta vumbi kila siku, lakini siku ya safari utajua hali yake barabarani.

Halafu ikaja Los Angeles, tarehe 3 Agosti 2024. Kwetu ilikuwa ni Jumapili asubuhi, watu wanavaa kwenda misa. Jared Anderson, kijana wa Ohio, mapambano 17, ushindi 17, Wamarekani walikuwa wanamwandaa kuwa bingwa wao. Martin alimkuta na ile ngumi ya kupanda raundi ya kwanza, akamlaza. Raundi ya tano akamwangusha mara mbili zaidi na mwamuzi akasema basi. Sijawahi kusikia kelele kama zile zikitoka mtaani kwa jambo lisilo la mpira. Siku hiyo mzani ulikuwa umesoma karibu kilo 129. Kumbukeni namba hiyo.

Sasa tufike kwenye swali la mama.

Tarehe 22 Februari 2025, Riyadh, Daniel Dubois alitakiwa kutetea mkanda wake wa IBF mbele ya Joseph Parker wa New Zealand. Siku mbili kabla, Dubois akaugua. Waandaaji wakatafuta mtu wa kujaza nafasi na wakampata Martin, ambaye alikuwa huku Kongo. Hakuwa katika mazoezi ya pambano. Alipanda ndege, akafika Riyadh usiku wa kuamkia siku yenyewe, na mzani ukasoma karibu kilo 143. Mama wanaochota maji watanielewa upesi: tofauti na siku ya Anderson ni bidoni ya lita 20 iliyopungua theluthi, na alipaswa kuibeba huku anapigana. Raundi ya kwanza ilipita. Raundi ya pili ngumi ya kulia ya Parker ikamkuta juu ya kichwa, miguu ikakataa, mwamuzi akaingia kati.

Kwetu huku siku zile hazikuwa za kutazama michezo. Goma ilikuwa imechukuliwa na M23 mwishoni mwa Januari, Bukavu katikati ya Februari, na barabara ya Lubero ilikuwa imejaa watu wenye magodoro kichwani. Hata hivyo matokeo yalifika. Siku chache baadaye nilikuwa nakusanya habari kwenye uwanja ambako wahami walikuwa wanaandikishwa, nikawakuta baba wawili wanabishana. Mmoja alisema Martin ameuza jina la nchi, alikwenda kuchukua pesa. Mwingine akamjibu kwamba mtu akiitwa usiku anakwenda na alichonacho. Wa kwanza hakukubali: « Sisi wote tulitoka usiku bila kujitayarisha. Tuliangukia raundi ya pili? » Watu wakacheka, hata mimi. Kisha yule wa pili akamwambia polepole: « Weye ulikimbizwa. Martin aliitwa. Yeye angeweza kusema hapana. »

Hapo ndipo penye jambo lenyewe, na nimelifikiria sana tangu siku ile. Je, angeweza? Mkanda wa muda wa WBO wa Parker ulikuwa mezani, malipo ya Riyadh si ya kudharau, na alikuwa ametoka kwenye miaka ya kutopigiwa simu. Angekataa, nani angemhakikishia kwamba wangempigia tena? Watu waliokaa London na New York waliandika kwamba alikosa akili. Ni rahisi kwao. Bondia wao akikataa Jumanne, promota wake anampa tarehe nyingine Ijumaa.

Lakini huruma isitufiche jambo. Kuitwa kwa siku mbili si kosa la Martin. Kilo 143 ni zake. Alikuwa ametoka kumpiga Anderson, alikuwa kwenye orodha za juu za dunia, alijua kwamba katika uzito huu watu wanaumia na kuugua kila mwezi, na kwamba mtu kama yeye nafasi yake huja hivyo hivyo, mwingine anapoanguka kitandani. Asiye na promota mkubwa anatakiwa kukaa karibu na uzito wake siku zote, zaidi kuliko mwenye promota. Angepanda ndege kwa simu ile ile akiwa na kilo 130, labda angepoteza vilevile, maana Parker ni bingwa wa zamani na mwaka 2023 na 2024 alikuwa amewashinda Deontay Wilder na Zhang Zhilei. Ila asingepoteza kwa namna ile, na leo tungekuwa tunazungumza mengine.

Kuna kitu cha ajabu katika historia yetu sisi wenyewe. Pambano kubwa kuliko yote yaliyowahi kupigwa katika ardhi hii, la Ali na Foreman pale Kinshasa, lilipangwa Septemba 1974. Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, dunia nzima ikangoja wiki tano, hadi tarehe 30 Oktoba. Kwa Foreman wiki tano. Kwa mtoto wa Kananga saa 48.

Na usiku ule ule wa Februari, katika ulingo ule ule, alikuwepo mtu ambaye kijana wa gunia la vitambaa anapaswa kumtazama pamoja na Martin. Anaitwa Agit Kabayel, Mjerumani mwenye asili ya Kikurdi. Naye hakuwa na jina kubwa, naye aliitwa Riyadh ili apigwe na wengine. Desemba 2023 wakamletea Arslanbek Makhmudov, ambaye hakuwa amepoteza: raundi ya nne. Mei 2024 Frank Sánchez wa Cuba, naye hakuwa amepoteza: raundi ya saba. Februari 2025 Zhang: raundi ya sita, na mkanda wa muda wa WBC. Kabayel hana mkono mzito kama wa Martin. Anapiga mbavu, anapiga tena mbavu, na kila mara anafika akiwa na pumzi ya kurudia kazi hiyo mpaka mtu apige magoti.

Baada ya Parker, Martin alirudi mapema mno kwa maoni yangu. Mwanzoni mwa Mei, Riyadh tena, na Efe Ajagba wa Nigeria. Uzito ulikuwa umeshuka, bado ulikuwa mwingi. Raundi kumi. Ajagba alikuwa anapiga na kuondoka, Martin anasukuma bila kumkamata, na mara nyingi alingojea ngumi moja kubwa ambayo haikuja. Jaji mmoja alimpa Ajagba 96 kwa 94, wawili wakatoa 95 kwa 95. Sare. Nilisikia watu wanasema ameibiwa. Hakuibiwa, mimi ningempa Ajagba raundi moja ya ziada.

Ukiniuliza udhaifu wake, basi, siuweki kwenye kidevu. Ngumi ya juu ya kichwa inamwangusha yeyote, na aliyechoka zaidi. Ninauweka kwenye miguu kwanza: akiwa mzito anasimama mbele ya mpinzani badala ya kumfungia kona, na mtu mwepesi kama Hunter au Ajagba anaona mlango wa kutokea. Pili, anaacha kutumia ngumi ya kushoto ya kutangulia akianza kutafuta kumaliza. Mbele ya Yoka aliitumia usiku mzima. Mengine yote yanatokana na maisha ya kati ya pambano na pambano, nusu Scotland, nusu Kongo, bila tarehe inayojulikana.

Na nafasi za mkanda? Mwisho wa Julai 2025, Usyk alikuwa na yote manne. Alikuwa na miaka 38. Kila shirika kati ya WBC, WBA, IBF na WBO lina mpinzani wake wa lazima anayengoja, na mtu mmoja hawezi kuwaridhisha wanne kwa mwaka. Ama angeacha mikanda mmoja mmoja, ama angestaafu na kuiacha yote. Wakati huo ndipo milango ingefunguliwa, si kwa kupigana na Usyk mwenyewe, jambo ambalo sikuliona likitokea. Kwenye WBO alikuwepo Parker mbele, na Parker tayari alikuwa amemshinda. Kwenye WBC alikuwepo Kabayel. Njia iliyokuwa wazi zaidi kwa Martin ilikuwa IBF au WBA, na haikuwa mbali kama watu walivyodhani. Ilikuwa ushindi miwili au mitatu ndani ya mwaka mmoja, dhidi ya watu wa kumi bora, bila kungoja jina kubwa.

Nafasi zenyewe hazina uaminifu. Makabu anajua. Novemba 2021 WBC ilikubali Canelo Álvarez, mmoja wa mabondia waliokuwa wanalipwa zaidi, apande uzito apigane naye. Kinshasa yote ilihesabu siku. Canelo akabadili mawazo, Mei 2022 akapigana na Dmitry Bivol na kupoteza, na Makabu akabaki na mkanda bila pambano la maisha yake. Februari 2023 Badou Jack akamnyang'anya mkanda huko Saudia, raundi ya kumi na mbili. Na yuko mwingine wa zamani, Sumbu Kalambay, mzaliwa wa Lubumbashi aliyepigana kama raia wa Italia, bingwa wa WBA wa uzito wa kati mwaka 1987. Mwaka 1989, Las Vegas, Michael Nunn alimlaza raundi ya kwanza. Walidhani amekwisha. Alirudi, akapata nafasi mbili nyingine za mkanda. Hakushinda hata moja, lakini alizipata, na alizipata kwa kupigana na watu wagumu Ulaya mwezi baada ya mwezi.

Kwa kijana wa Lubero: mwishoni mwa Julai 2025 Martin alikuwa na ushindi 21, kupoteza 2, sare 1, na hakuna hata pambano moja kati ya hayo lililompata kwa sababu aliacha shule. Lililompata kubwa alilipata akiwa amejitayarisha, na lililomponyoka lilimkuta nyumbani. Gunia lipigwe jioni. Asubuhi kuna darasa, na walimu wa hapa Beni wanawapokea watoto wa wahami, nimeuliza.

Pambano lijalo la Martin likitangazwa, msinitumie kwanza jina la mpinzani. Ngojeni siku ya kupima. Ukisoma kilo 140, laleni mapema. Ukisoma 130 au chini yake, nitatafuta mafuta ya jenereta ya redio, na atakayekaa karibu aje na kiti chake.